Semina ya mawasiliano kazini: siku mbili, laki na themanini, maiki mbovu

Wenzangu wa kitengo kingine wananiuliza kama na wao waende, kwa hiyo naandika mara moja nimalize. Ofisi ilitulipia watu wanne, laki na themanini kila kichwa, siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli huku Sinza. Jina la walioandaa naliacha, sitaki ugomvi na mtu.

Siku ya kwanza asubuhi nusura niondoke. Yani semina ya mawasiliano af maiki inakatakata, sisi wa nyuma tunasikia "...muhimu sana..." halafu kimya. Mkufunzi akaanza na zile namba wanazozipenda wote, eti maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, mwili 55. Jamani. Hizo ni za mwanasaikolojia Albert Mehrabian, za mwaka 1967, na yeye alikuwa anapima hisia, mtu anatamka neno tamu huku sauti imenuna, wewe utaamini kipi, hakuwa anaongelea maelekezo ya kazi na mwenyewe alishalisema hilo. Ingekuwa kweli basi tamthilia za Kikorea tungeangalia bila kutafsiriwa.

Akatuambia pia tumwite bosi kwa jina lake la kwanza ili kuondoa woga. Ukumbi ukacheka. Mi bosi wangu nampa shikamoo kila asubuhi, nikianza kumwita kwa jina atauliza nimelala wapi.

Ila baada ya msosi (wali kuku safi, soda za moto) akaja mkufunzi wa pili, mama mmoja mtaratibu, na hapo ndo hela ilirudi. Alisimulia ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu mzito, wakafa watu 583. Rubani wa KLM alitoa kauli isiyoeleweka vizuri, anaruka au anasubiri kuruka, mwongoza ndege akajibu "OK", akaendelea kuwaambia subirini nitawaita, lakini Pan Am naye akaongea sekunde hiyohiyo, redio ikapiga mluzi, KLM wakabaki na ile OK.

Af akauliza, nyie ofisini kwenu "sawa" maana yake nini?

Tukaangaliana. Sisi ni watu wa kutoa mizigo bandarini, na mwezi uliopita bosi aliandika kwenye grupu "lile kontena la vigae litoke kabla ya Ijumaa", tukajibu sawa bosi, sawa mzee, mwingine dole gumba, watu watatu, na hakuna aliyeenda, kila mtu anajua mwenzake ndo kaenda. Jumatatu storeji (tozo ya mzigo kukaa bandarini) inasoma na mteja anawaka kwenye simu. Sawa yangu mimi ilikuwa nimeona. Ya mwenzangu ilikuwa kweli kabisa, litoke. Lile dole sijui hata, nadhani jamaa alikuwa kwenye daladala.

Dawa aliyotupa ni ndogo tu, ukipewa agizo lirudie kwa maneno yako, nani, nini, lini: "Naenda mimi, kesho asubuhi, risiti nakutumia kabla ya saa sita mchana." Aliyeagiza ajibu ndivyo au sivyo. Tukafanya mazoezi wawili wawili, nikapangwa na dereva wetu, nikamwambia mgeni kutoka Dubai kaandika apokelewe 10:00, naye akarudia vizuri kabisa, "nampitia saa kumi jioni". Watu wakafa kicheko, mi jasho lilinitoka, maana ile ni saa nne asubuhi na bila kurudia angeenda kweli jioni. Siku hizi tunaandika saa kwa maneno.

Nilipokereka ni kwamba kwenye hiyohiyo ajali, fundi wa ndani ya ndege ya KLM aliuliza kama Pan Am imeshatoka njiani, kapteni akamjibu imetoka, yakaisha hapo. Sasa hilo la mdogo kumwambia mkubwa wake mara ya pili ndo tatizo letu kubwa, na mama akalipitia dakika tano tu, "sema kwa heshima". Heshima tunayo mama, tunayo mpaka inamwagika, tulitaka maneno yenyewe ya kusema.

Nyota 3 kati ya 5, na mkienda kaeni mbele. Vyeti waliahidi vingetufikia Ijumaa, jana nikawaandikia kuulizia, wakajibu "sawa".