VAT ipande, au wenye mishahara minono wakatwe zaidi?

Kenya ikihitaji fedha zaidi, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ndiyo njia nyepesi: hukusanywa bidhaa nyingi zinaponunuliwa, na asiyeajiriwa pia hulipa.

Lakini hapa Lamu, bidhaa nyingi huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Julai 2023, VAT ya mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16, mvuvi aliihisi kwenye dumu la petroli kabla hajatupa nyavu. Mama wa mahamri naye hulipa VAT kwenye mafuta ya kukaangia. Hoteli iliyosajiliwa kwa VAT huitoa kodi iliyolipa kwenye ile inayodaiwa, lakini mama huyu hana pa kudai.

Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi. Tangu mwaka huohuo, sehemu ya kipato inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35. Ni kweli, walioajiriwa rasmi ni wachache, na wafanyabiashara wakubwa hujua kuficha.

Bado nachagua kodi ya mapato. Aprili 2020, korona ilipobana, serikali yenyewe ilishusha VAT hadi asilimia 14, ikairudisha 16 Januari 2021. Ilijua mzigo ule umemlalia nani.