Kiliksi au skifosi: kipi kinafaa zaidi kwa divai ya Kigiriki?

Vyote viwili ni vikombe vya udongo vya kunywea divai. Tuko Athene, karne ya 5 KK, na jibu linategemea mgeni wako anakaaje. Aliyejilaza kwenye kochi la karamu mpe kiliksi: bakuli pana lisilo na kina, lenye mguu na vishikio viwili. Mchezo wa kotabo, wa kurusha mashapo ya divai kulenga shabaha, hunoga nacho, maana kidole kimoja kwenye kishikio kinatosha.

Kwa picha, skifosi haiifikii kiliksi. Kiliksi ya mfinyanzi na mchoraji Exekias iliyoko Munich, ya takriban 530 KK, inamwonyesha mungu wa divai, Dionysos, amejilaza ndani ya jahazi, mizabibu imeparamia mlingoti, pomboo saba wanazunguka. Divai ikipungua, picha inajitokeza. Ufundi huo (kwa maoni yangu) unastahili hata kanzu yako kumwagikiwa divai.

Lakini mguu ule huvunjika. Baadhi ya kiliksi zimekutwa na matundu ya kale ya kuungia kwa vibano vya metali. Skifosi ina kina, imekaa chini imara, na nyingi zilipakwa weusi mtupu au bundi kati ya vijitawi vya mzeituni, kazi isiyodai mchoraji bingwa. Kwa mlo wa kila siku, chukua hiyo.