Jagi la kuzuia wachawi, uzoefu wangu baada ya miezi mitatu

Jamani hili jagi nimekaa nalo miezi mitatu sasa, naweza kuliongelea. Naishi Uingereza na nina ugonjwa wa kukusanya vyombo vya udongo, kabati limejaa mpaka mume wangu kaacha kuuliza. Basi nikakuta mtandaoni kopi ya yale majagi ya kizamani yanaitwa Bellarmine, tumbo kubwa shingo nyembamba, na hapo shingoni kuna uso wa mzee wa madevu kanuna kama anadaiwa kodi. Nikaoda, pauni 48, usafiri juu yangu.

Yale ya asili yalikuwa yanatoka Ujerumani, Frechen karibu na Cologne, ya kawaida tu, kama ya bia na mvinyo, sasa Waingereza wa karne ya 17 wakayageuza dawa. Mtu akihisi karogwa anatia humo mkojo wake, misumari, pini za kupinda, nywele, kucha, anaziba anafukia jikoni au kizingitini, eti aliyemroga ashindwe kwenda haja ndogo. Na sio stori za vijiweni, 2004 huko Greenwich, London, lilifukuliwa moja bado limezibwa, ukilitikisa unasikia maji, kuja kupima ni mkojo kweli, na humo kuna kipande cha ngozi umbo la moyo kimetobolewa na msumari. Halafu hawa hawa ndio walikuja kutuambia zindiko ni ushenzi, aisee!

Tuje kwenye jagi lenyewe. Uso umetoka safi, ndevu unazihesabu, na ule mng'ao wa chumvi (wanaitupa kwenye tanuri likiwa limewaka haswa) umeacha vipele kama ganda la chungwa, mi napenda sana kupapasa hapo. Rangi ndo wamenipiga kidogo, pichani kahawia iliyokolea, lililokuja limepauka. Kitako kilikuwa kimemeguka, muuzaji nimebishana naye wiki nzima akarudisha pauni 10. Ukimimina linachuruzika, na mkono hauingii ndani kuosha kwa hiyo juisi sahau, weka kabatini lipendeze.

Juzi mama kapiga video kaliona nyuma yangu, kimyaaa, halafu: "Mwanangu, humo umetia nini?" Nikamwambia hamna kitu mama, pambo tu. "Haya, lipindue nione."