Kubadili reshio ya difu ya Toyota 4x4: ununue ipi ili gari lichanganye

Hilux ilikuja na difu yenye reshio ya 4.10, yaani propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) huzunguka mara 4.10 magurudumu yakizunguka mara moja, na matairi ya inchi 31, ukaivalisha ya 33, na sasa ukianza kupanda mlima Kitonga gari halivuti. Kwanza hakikisha si filta ya dizeli iliyoziba wala klachi inayoteleza, maana difu haitibu hayo. Kama injini ni nzima, piga hesabu: reshio ya sasa zidisha kwa ukubwa wa tairi jipya, gawanya kwa la zamani. 4.10 mara 33, gawanya kwa 31, inakuja 4.36. Hapo umerudi tu ulikokuwa. Faida inaanzia juu ya hapo.

Reshio uliyonayo usiambiwe na mtu, ihesabu. Gia huru, breki ya mkono chini, magurudumu ya mbele yamewekewa vigingi. Inua gurudumu moja la nyuma, lizungushe raundi 20 huku mwenzako akihesabu raundi za propela. Kwa kuwa linazunguka gurudumu moja tu, raundi zake 20 ni sawa na 10 za magurudumu yote mawili: propela ikifika 41, ni 4.10, ikifika 43, ni 4.30. Njia hii ni ya difu isiyo na loki, ile inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja.

Namba moja kwangu ni kichwa kizima cha difu cha mtumba, 4.30. Reshio hiyo ilitoka kiwandani kwenye baadhi ya Hilux, na kichwa cha nyuma hufunguliwa kikatoka kizima, kwa hiyo unanunua kronwili (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) zilizopangwa na Toyota wenyewe, hakuna aliyegusa shimu, vile vibati vya kurekebisha mwanya. Ukikipata Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hesabu meno: 43 kwenye kronwili, 10 kwenye pinioni. Mulika kwa tochi, zungusha kwa mkono. Kikikwaruza au oili ikiwa na vipande vya chuma, kiache. Ongezeko ni asilimia 5 tu na kwa mwenye 33 halifiki hata ile 4.36, najua, lakini ni difu isiyolia.

Ya pili ni seti mpya ya 4.56, meno 41 kwa 9. Kwa mwenye 33 anayebeba mzigo hii ndiyo inayochanganya kwelikweli: nguvu gurudumuni inapanda asilimia 11, na pale injini ilipokuwa ikizunguka 2,500 itazunguka 2,780, kelele na mafuta vikifuata. Ningeiweka ya kwanza kama mafundi wa kuifunga wangekuwa wengi. Mwanya kati ya meno kwenye difu ya inchi 8 (huo ni upana wa kronwili) unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18, na hakuna kidole kinachopima hivyo. Fundi awe na geji, apake rangi meno aone yanavyogusana, afunge bearingi mpya. Akikwambia yeye husikiliza tu kwa sikio, mshukuru uondoke. Na usikubali kronwili ya huku na pinioni ya kule: hizo husagwa pamoja kiwandani na huandikwa namba inayolingana.

4.88 ni ya matairi ya 35, basi. 5.29 ina pinioni ya meno saba. Ya porini na mawe, si ya mtu anayekwenda Dodoma kila wiki.

Yote hayo yazidishe mara mbili. Difu ya mbele lazima ilingane na ya nyuma, la sivyo ukiweka 4H, magurudumu yote manne yakivuta, zitavutana mpaka kitu kivunjike. Na usinunue seti mbili zinazofanana ukidhani umemaliza: Land Cruiser 80, kwa mfano, nyuma ni inchi 9.5, mbele ni 8. Gharama hiyo ikikutisha, uza hayo matairi ya 33 urudi 31. Gari litachanganya kesho asubuhi, wala sitakucheka.

Seti mpya ikishafungwa, tia oili ya GL-5 80W-90. Safari za mwanzo ziwe fupi, difu ipoe katikati, usivute trela. Ikifika kilomita 800 mwaga oili, weka nyingine.

Toyota za zamani husomea spidi kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), kabla ya difu, kwa hiyo mshale nao utabadilika. Mwenye 33 na 4.30 utamsogeza karibu na ukweli. Aliyebaki na 31 utamwonyesha kasi kubwa kuliko anayokwenda.