RTX 3050 ya GB 6 kwenye kesi nyembamba: inaingia, ila pima kwanza

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya, ni mtumba wa ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zile kesi nyembamba zinazolala chini ya skrini. Mwenye studio ya video za harusi ananunua, mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) anayechora ramani za majengo ananunua, mwenye kibanda cha gemu naye hakosi. Haupiti muda, wote wanauliza swali moja: humu itaingia kadi gani ya grafiki?

Kwa kesi hizi, ya kwanza kuifikiria ni GeForce RTX 3050 ya GB 6, toleo la kimo kifupi (low profile). Haina kasi ya kutisha. Sifa yake kubwa ni kwamba inaingia na haidai waya wa ziada wa umeme. Lakini huko kuingia kuna masharti, na kadi ikishaagizwa Kariakoo ikapanda basi hadi Mbeya, kuirudisha ni safari ya zaidi ya kilomita 800 pamoja na mabishano ya simu.

Mtego wa kwanza uko kwenye jina. RTX 3050 zipo mbili tofauti kabisa. Ile ya mwaka 2022 ina GB 8, inakula wati 130 na lazima ichomekwe waya kutoka pawa saplai. Hii ya Februari 2024 ina GB 6, inakula wati 70 na umeme wake wote huupata kwenye sloti ya PCIe, ile inayochomekwa kadi kwenye mazabodi (bodi kuu). Imepunguzwa pia: viini 2,304 badala ya 2,560, na njia ya memori ni biti 96 badala ya 128. Ukimwambia muuzaji "nipe 3050" bila kutaja GB 6 na kimo kifupi, umejitakia. (Na kuna kompyuta ya Dell inayoitwa OptiPlex 3050. Namba zimegongana tu, hazina undugu wowote.)

Sasa chukua rula na tochi ya simu, fungua kesi. Anza na kimo, maana ndicho kinachokataa kadi nyingi. Tazama nyuma ya kompyuta, pale penye vibati vya kuziba nafasi za kadi. Kibati cha kesi nyembamba kina urefu wa kama sentimita 8. Cha kesi ya kawaida iliyosimama ni sentimita 12. Ukipata 8, kadi ya kimo cha kawaida haiingii hata ukiibembeleza. Kadi fupi ikiwa mpya huja na braketi (bati la kuishikia kadi) mbili kwenye boksi, ndefu na fupi, na mara nyingi ile ndefu ndiyo imefungwa tayari. Unafungua parafujo zake ndogo, unahamisha. Kwa kadi iliyotumika, muulize muuzaji kabla ya kulipa: braketi fupi ipo? Hiyo hupotea kirahisi, na bila hiyo kadi inaning'inia kwenye sloti bila kushikwa na chochote. Ukivuta waya wa skrini kidogo, mguso unapotea na picha inakata.

Unene ndio unaosahaulika. Nafasi moja ya kadi ni milimita 20.32. Toleo fupi la 3050 huchukua mbili, kwa hiyo tafuta sentimita 4 zilizo wazi kuanzia sloti ndefu kuelekea upande ambao feni za kadi zitatazama. Kwenye baadhi ya kesi hizi sloti ndefu imebanwa kando ya pawa saplai, na jirani yake hapana nafasi ya pili. Hapo 3050 imekwama, na hakuna ufundi wa kupinda bati utakaosaidia, kwa sababu hata feni ikiingia itakuwa inanyonya ukuta wa chuma. Kwa kesi ya namna hiyo tafuta kadi ya nafasi moja kama Nvidia T1000, yenye wati 50. Ni kadi ya kazi za uchoraji. Gemu inacheza, lakini kwa unyenyekevu.

Urefu upime kutoka ukuta wa nyuma, kwa ndani, hadi kitu cha kwanza kinachozuia. Kwa kawaida ni kizimba cha diski kubwa (hard disk) au sanduku la kusomea DVD. Matoleo mafupi ya 3050 yana urefu wa kama sentimita 17 hadi 18, kwa hiyo soma kipimo cha toleo lako hasa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kuna watengenezaji wanaohesabu braketi ndani ya urefu na wengine hawaihesabu, ndiyo maana uache angalau sentimita moja ya ziada. Angalia pia plagi za SATA (za kuunganisha diski) kwenye mazabodi: zikiwa chini ya mahali kadi itakapolala, waya wenye kichwa kilichonyooka utasukumwa na kung'oka. Nunua wenye kichwa kilichopinda. Kama kizuizi ni kizimba cha diski kubwa, hamishia data kwenye SSD ya inchi 2.5 na utoe kizimba chote. Umepata nafasi, na mashine itawaka upesi.

Kuhusu umeme, usidanganywe na umri wa mashine. OptiPlex 9020 nyembamba, ya zamani, ina pawa saplai ya wati 255. OptiPlex 7050 nyembamba, mpya kuliko hiyo, ina wati 180. Piga hesabu ya 7050 yenye i5-7500: prosesa wati 65, kadi 70, mazabodi na diski na feni tuseme 30 hadi 40. Umeshafika 165 hadi 175. Kwenye gemu itaenda, kwa sababu ni nadra vyote kupanda kileleni pamoja. Kwenye kutoa video ya harusi ya saa mbili, prosesa na kadi vinaweza kufanya kazi kwa nguvu kwa wakati mmoja, na hapo mashine huzima ghafla bila onyo. Watu husema kadi mbovu, kumbe pawa saplai imeelemewa. Na usifikirie kwamba utanunua pawa saplai ya wati 500 dukani ukachomeka: 9020 na nyingi zilizofuata hazina plagi ya kawaida ya pini 24, na hata umbo la boksi lenyewe halilingani na kesi.

Kwa mwenye kesi ndefu ya kusimama yenye pawa saplai nzuri na waya wa pini 8, ushauri wetu unageuka: achana na 3050. RX 6600 ya AMD, yenye GB 8 na wati 132, inaipita mbali kwenye gemu. Ila usiilishe kwa adapta ya kutoka plagi ya umeme ya SATA, ile ya kulisha diski. Plagi hiyo imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukiivutia zaidi inayeyuka. Kadi nyingine ya kuiepuka kwenye mtumba ni RX 6400. Ni fupi na inapendeza kwa vipimo, lakini inatumia njia 4 tu za data za PCIe, hivyo kwenye mashine za kizazi cha tatu cha PCIe inapungua kasi, na haina kifaa cha kurekodia na kutolea video (encoder). Mtu wa studio akiinunua atajuta siku hiyohiyo.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika 20. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10, gusa chuma cha kesi. Miezi ya Juni na Julai, baridi kavu ya Mbeya na sweta la sufu hutengeneza cheche za kutosha kuua chipu, kwa hiyo vua sweta. Sukuma kadi mpaka kibanio cha mwisho wa sloti kilie "tik", funga kibati, kisha hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi na si kwenye mazabodi. Skrini ikibaki nyeusi, zima mashine, toa kadi, rudisha waya kwenye mazabodi, sasisha BIOS (programu ya kuwashia mashine), ujaribu tena. Draiva ikishakaa, fungua programu ya GPU-Z: inapaswa kuonyesha njia 8 za PCIe. Ikionyesha kizazi cha PCIe 1.1 wakati mashine imetulia usishtuke, inabana umeme. Ipe kazi, itapanda.

Kitu cha mwisho kinachokwamisha watu kiko nje ya kesi kabisa. Skrini nyingi za mtumba zina VGA, na kadi hii haina VGA, kwa kawaida inatoa HDMI na DisplayPort. Waya mtupu wa kuunganisha hautoshi. Unahitaji adapta yenye chipu ndani inayogeuza ishara. Iweke kwenye oda ileile ya kadi, ije na basi lilelile.