Kliniki ya wajawazito Ilemela: mgeni anasikilizwa, ila muuguzi ni mmoja

Huwa nampeleka wifi yangu kliniki kwenye kituo cha afya cha serikali upande wa Ilemela, Mwanza. Jina la kituo nimeliacha kwa sababu nina la kulalamikia pia. Wifi ametoka Makamba, Burundi. Kaka alimpata huko kwenye biashara ya dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba. Kiswahili chake bado ni cha sokoni: bei, kilo, gunia. Cha hospitali hana.

Ninachokisifu pale ni muuguzi mmoja Muha. Amekulia Kasulu mkoani Kigoma, wilaya yenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyopokea Wakongo tangu 1996 na Warundi wengi kuanzia 2015, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Alimsalimia wifi akimtazama yeye, si mimi, kisha akaniomba nisubiri nje. Nilifurahi mno. Mle ndani mama anapimwa VVU, anaulizwa mimba zilizoharibika, anaulizwa kama nyumbani kuna amani. Nani atajibu hayo kupitia kinywa cha wifi yake, au cha mume? Kwingine tulikopita, kaka ndiye aliyeulizwa kila kitu na ndiye aliyejibu, mkewe amekaa pembeni kama mzigo.

Waliponiita ndani, SP ya kukinga malaria, vidonge vitatu, ilikuwa inamezwa palepale mbele ya muuguzi. Vya kuongeza damu ndivyo vya kwenda navyo. Kwenye bahasha, ambako dirisha la dawa huandika 1x1 basi, muuguzi alichora mwezi wa angani, yaani usiku, akachora na kikombe cha chai akakipiga mkasi, yaani si pamoja na chai. Halafu akamtaka wifi aeleze mwenyewe atavimezaje. Aliposahau habari ya chai, kalamu ikagonga kile kikombe, wifi akaanza upya. Foleni ilikuwa imefika mlangoni na hakuna aliyemharakisha. Wala hatukuombwa hela ya tafsiri.

Sasa lalamiko. Muuguzi huyu akiwa zamu ya usiku au likizo, hakuna mwingine. Kuna siku aliitwa dereva wa bodaboda pale getini, kijana wa Kirundi, aje atafsiri maswali ya mjamzito! Nia yake njema, lakini hafungwi na kiapo chochote cha siri ya mgonjwa, na kesho atambeba jirani yetu. Waha wamejaa Mwanza hii. Mganga mfawidhi hawezi kukosa watu wawili watatu wa kufundishwa kazi hiyo, wakapewa posho, wakawekwa kwenye ratiba ya zamu. Na yale mabango ya dalili za hatari, kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, yawekwe picha. Mama asiyesoma Kiswahili anayapita tu ukutani.

Ukiwa na mgeni wa Kirundi, nenda asubuhi, na uulize mapokezi kama muuguzi wa Kasulu yupo kabla hujachukua namba.