Amitabh kabla hajawa Vijay: uzoefu wangu na sanduku la picha zake za mwanzo

Sanduku lilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, na kutoka gatini likaletwa kwetu Mkomani, Lamu, juu ya punda pamoja na mchele wa jirani. Ndani mna DVD kumi, zote picha za sinema za mwigizaji wa Kihindi Amitabh Bachchan za kati ya 1969 na 1973. Nimelipa shilingi 4,500 pamoja na nauli ya mzigo. Nimezitazama zote, nyengine mara tatu, pamoja na mamangu na khaloo, yaani ndugu wa kike wa mamangu, na nataka kumweleza nilichokipata yeyote anayefikiria kununua mkusanyo wa namna hii.

Nyumba yetu ni nyumba ya Amitabh. Miaka ya 1980 nakumbuka deki moja tu ya vidio mtaani kwetu, na kanda zikija kutoka Mombasa wanawake hukusanyika baada ya isha, watoto mbele juu ya mkeka, mama zetu nyuma na kofia mkononi, wanashona vito, vile vitundu vya nakshi vya kofia, huku macho yako kwenye televisheni. Sote tuliijua kanuni: steringi hafi. Akaja Amitabh akaivunja mara mbili kwa picha za mwaka mmoja, 1975. Katika Deewaar alifia mapajani mwa mamake, katika Sholay mikononi mwa rafikiye. Khaloo alilia hata mwenye nyumba akazima deki ampe maji.

Huyo ndiye tuliyemjua sisi, Vijay, mtu wa hasira, asiyeomba radhi. Jina hilo amelibeba katika picha nyingi mno, hata tulipokuwa watoto tulidhani ndilo jina lake. Mimi nilitaka kumwona aliyekuwako kabla ya huyo: kijana mrefu, mwembamba, aliyeacha kazi ya kampuni Calcutta akaenda Bombay kutafuta uigizaji, na picha zake nyingi zikaanguka kabla ya moja kusimama.

Ya kwanza ni Saat Hindustani ya 1969, ya Khwaja Ahmad Abbas, nyeusi na nyeupe. Wahindi saba wa pembe mbalimbali za nchi wanaingia Goa kwa siri kupambana na utawala wa Wareno, na Amitabh ni Anwar Ali, mshairi Mwislamu kutoka Bihar. Ni mmoja tu kati ya saba. Usipokuwa unamtafuta, waweza kumpita. Lakini sisi wa visiwa hivi hatuwezi kuitazama Goa kama mji wa watu wengine. Huko Goa ndiko alikokaa mkubwa wao, amri zake zikifika hadi pwani yetu, na Wareno hao ndio waliomkata kichwa mfalme wa Lamu mwaka 1589. Goa yenyewe haikutoka mikononi mwao mpaka Disemba 1961. Mshairi na wenzake walipovuka mpaka, mamangu aliacha sindano yake, akatazama hadi mwisho bila kushona hata kito kimoja.

Mwaka ule ule mwongozaji Mrinal Sen alimtumia kwa sauti peke yake, awe msimulizi wa Bhuvan Shome. Hiyo haimo sandukuni, nami naihesabu kuwa pengo. Kwa sababu miaka miwili baadaye Sunil Dutt akafanya kinyume chake: katika Reshma Aur Shera akamwachia mwili, sauti akaiondoa. Amitabh ni Chhotu, ndugu bubu wa Shera, katika jangwa la Rajasthan ambako koo mbili zina kisasi cha zamani. Chhotu ana shabaha, na babake anamtuma akaue. Hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema la. Nimeirudisha sehemu hiyo nikaona kwamba hafanyi mengi. Wengine wakipewa nafasi ya bubu hurusha mikono na kukunja uso mpaka unachoka. Huyu amesimama tu, mabega yamemshuka, na macho yanatafuta mahali pa kukimbilia. Mamangu akasema, "Huyu husema kwa mato," yaani kwa macho. Sijaona maelezo mazuri zaidi ya hayo.

DVD hiyo ndiyo iliyonitia hasara, maana iliganda katikati, mara mbili, kwenye deki mbili tofauti. Muuzaji alikubali kubadilisha, na nyengine ikaja baada ya wiki tatu, lakini nauli ya kuirudisha ile mbovu niliilipa mimi. Hilo halikunipendeza na sioni kwa nini mnunuzi alibebe.

Sasa Anand, ya 1971, ya Hrishikesh Mukherjee. Nyota wa picha hiyo ni Rajesh Khanna, na wakati ule hakukuwa na nyota mkubwa kumshinda. Yeye ni Anand, mgonjwa wa saratani ambaye hana muda mrefu na bado anacheka na kila mtu. Amitabh ni Daktari Bhaskar, anayejua kila kitu juu ya ugonjwa na hawezi kuuondoa. Mara ya kwanza nilimtazama Anand, kama kila mtu. Mara ya pili nikajilazimisha nisitoe jicho kwa Bhaskar. Jaribuni. Anand anaposema, Bhaskar anasikiliza kwa uso mzima. Kuna hasira pale, lakini si ile ya Vijay ya kupiga watu. Ni hasira ya mtu aliyesoma miaka yote hiyo na elimu yake imefika ukutani. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi.

Mwisho wake siwezi kuupita haraka. Bhaskar hayupo rafiki yake anapokata roho. Anarudi, anamkuta amelala, anaanza kumgombeza: miezi yote hii umekuwa ukinipigia maneno, sasa sema nami. Na kumbe kuna kinasa sauti chumbani, na utepe unaendelea kuzunguka, na sauti ya Anand inatoka. Babangu alifanya kazi Arabuni miaka mingi, na badala ya barua alikuwa akitutumia kaseti. Alikuwa akitusalimu mmoja mmoja kwa jina, anakohoa kidogo, anauliza kama paa limezibwa. Amefariki, na kaseti mbili zingaliko kabatini. Utepe ule wa Anand ulipoanza kusema, mimi na mama hatukutazamana.

Nyengine nazitaja kwa ufupi kwa sababu hazistahiki zaidi. Parwana, pia ya 1971, inamwonyesha akiwa adui: mpenzi aliyekataliwa anayepanga kuua kwa utulivu wa kutisha. Inafaa kutazamwa kwa ajili yake tu, picha yenyewe ni ya kawaida. Bombay to Goa ya 1972 ni ya safari ya basi na vichekesho, na watoto wa nyumbani wameipenda kuliko zote. Yeye bado anaonekana hajui aiweke wapi miguu yake mirefu anapocheza. Lakini pana ugomvi ambao anapigwa, anaanguka, anainuka na bado anatafuna, na inasimuliwa kwamba waandishi Salim na Javed walipoona vile ndipo wakamtaka kwa Zanjeer.

Na Zanjeer, ya Mei 1973, hapana haja niwaeleze watu wa pwani. Waigizaji wakubwa kuliko yeye waliikataa. Akaichukua, akawa Inspekta Vijay, akakipiga teke kiti alichotaka kukikalia mwigizaji mwenzake Pran, na tangu siku hiyo dunia ikamtaka afanye hivyo kila picha. Nakala iliyomo sandukuni ni safi, rangi zimekaa.

Lakini iliyonifanya nikae niandike ni Saudagar. Ni ya mwaka ule ule wa 1973, imeongozwa na Sudhendu Roy, nami sikuwahi kuisikia ikitajwa Lamu hata siku moja. Huenda kanda yake haikutufikia kwa sababu hakuna bunduki ndani. Moti, ndiye Amitabh, ni mgema wa kijiji cha Waislamu huko Bengal. Hugema mitende majira ya baridi, utomvu ukapikwa kuwa sukari guru, akaiuza sokoni. Kwetu hugemwa mnazi, lakini kazi ni ile ile: kamba, kisu, mtungi, na kupanda juu. Ukimwona amening'inia pale na kamba yake unasahau kwamba ni mwana wa mshairi mkubwa wa Allahabad.

Moti anampenda Phoolbanu, na baba wa Phoolbanu anataka mahari ambayo Moti hana. Yuko Mahjubi, mjane aliyemzidi umri, anayeigizwa na Nutan, fundi wa kupika guru asiye na mfano, anayempikia Moti kwa malipo. Moti anapiga hesabu. Akimwoa, hatakuwa na haja ya kumlipa. Anamwoa, guru inasifiwa soko zima, pesa zinajaa, na mahari ya mwengine inapotimia anamsingizia Mahjubi neno baya na kumpa talaka. Anamwoa mzuri wake. Mzuri wake hajui kupika guru. Inaungua, wanunuzi wanaonja, wanaondoka.

Hapa ndipo ninapomwona Amitabh amezidi hata Deewaar. Hakumwigiza Moti kama adui. Tabasamu anayompa Mahjubi ndiyo ile ile anayompa Phoolbanu, na hujui ni lini anasema kweli. Nadhani na yeye Moti hajui. Angekuwa na jicho la shetani tungemchukia tukapumzika. Huyu anakufanya umpende dakika kumi nzima huku unajua anachopika. Na Nutan anamjibu kwa kazi ya mikono, moto, mwiko, kimya. Wawili hao wakiwa pamoja hutaki hata wimbo uingie.

Khaloo alipika achari ya maembe miaka minane, mumewe akiipeleka kuiuza Mombasa. Huko Mombasa akaoa mke mwengine, na khaloo akapata talaka yake kwa mdomo wa mjumbe. Hayo yamepita zamani na yeye hayasemi. Tulipofika kwenye talaka ya Mahjubi nikanyosha mkono nizime, akanishika. "Rudisha," akasema. "Rudisha pale anapompa." Nikarudisha. Akatazama tena, hakulia. Mama, kutaka kuvunja kimya, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mwisho, Moti anapobeba mitungi ya utomvu hadi nyumbani kwa Mahjubi, ambaye sasa ni mke wa mtu mwengine, mgongo umeinama na ule urefu wake wote umekwisha, khaloo akaiambia televisheni, "Mwate angie. Amuone." Yaani mwache aingie.

Kwa picha hiyo mama na khaloo hawakuhitaji tafsiri. Nikaha, mahari, talaka, dunia, imani: maneno hayo tumeyagawana na Wahindi na wao. Na ni heri, maana maandishi ya chini katika DVD hizi yote ni ya Kiingereza, mengine yanachelewa mpaka msemaji amekwisha toka chumbani, na nyimbo hazikutafsiriwa kabisa. Anayemnunulia mzee asiyesoma Kiingereza ajue kwamba itabidi akae pembeni amweleze.

Kosa kubwa zaidi liko katika Abhimaan, ile ya mwimbaji anayemwonea wivu mkewe kwa kuwa anaimba kumshinda, ambamo mke ni Jaya Bhaduri, aliyefunga naye ndoa kweli mwaka huo wa 1973. Wimbo mmoja umekatwa katikati, pakaingia mazungumzo. Aliyekata hakujua kwamba picha hiyo husimuliwa ndani ya nyimbo. Sisi tumelelewa na mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, mtoto wa Malindi, aliyezitwaa mahadhi za Kihindi akazitia Kiswahili zikawa zetu. Mtu akikata wimbo tunahisi amekata jina la mtu. Wa mwisho, mume na mke wanapoimba tena pamoja, umo mzima, alhamdulillahi.

Kwa ufungaji na huduma nampa muuzaji tatu kati ya tano. Sanduku ni karatasi nyembamba, lililowa kidogo kwenye boti likakunjika. Bei naiona ya haki ukigawanya kwa picha kumi. Atakayenunua asianze na Saat Hindustani kwa kufuata miaka, atachoka mapema. Aanze na Anand, kisha Reshma Aur Shera, ndipo arudi nyuma. Saudagar aiweke usiku ambao hana haraka, na amwite mtu mzima wa nyumbani atazame naye.

DVD hiyo sasa iko kwa khaloo, mtaa wa Langoni, na sijaidai. Ya Saat Hindustani ninayo hapa, lakini ina mistari na sauti hupotea dakika kadhaa katikati. Aliye na nakala safi zaidi, Lamu au Malindi, aniambie ameipata wapi, nauli nitalipa.